Mkuu wa Ujasusi na Shajara Zake: Habari za Kanali Richard Meinertzhagen



Mwezi uliopita kijana mmoja wa jirani zetu aliniletea daftari lake nilitazame. Mwalimu wake wa hapa Uingereza amemtaka aandike kurasa chache juu ya vita vya Tanga vya mwaka 1914, na kwa kuwa bibi yake ni mtu wa Tanga, kijana ameipenda kazi hiyo na ameifanya kwa bidii. Niliisoma yote. Lakini kila alipotaka kueleza jambo lililotokea ufukweni au ndani ya mji, shahidi wake alikuwa mtu mmoja tu, naye ni ofisa wa Kiingereza aitwaye Richard Meinertzhagen. Nilikusudia kumkanya, kisha nikanyamaza. Nilikumbuka kuwa mimi mwenyewe, nilipokuwa mwalimu wa Historia katika shule moja ya sekondari huko Tanga miaka ya 1980, nilivifundisha vita hivyo kwa kumtegemea mtu huyo huyo. Nilikuwa na nakala ya kitabu chake, imechakaa, na kila mwaka niliwasomea wanafunzi kurasa zile zile, wakacheka nami nikacheka nao, maana bwana yule alijua kusimulia. Baadhi ya wanafunzi hao leo ni wazazi katika miji hii tunayoishi, na jarida hili huwafikia. Basi makala haya ni deni ninalowalipa.

Meinertzhagen alizaliwa London tarehe 3 Machi 1878, katika nyumba ya matajiri wa benki ambao asili yao ni mji wa Bremen, Ujerumani. Mama yake alikuwa dada wa Beatrice Webb, mwanamke mashuhuri katika harakati za ujamaa wa Uingereza. Watoto walikuwa kumi. Alisoma Harrow, akajaribishwa katika kazi ya benki na hakuipenda, akaingia jeshini mwaka 1899 na kupelekwa Bara Hindi. Tangu utotoni alikuwa na mapenzi makubwa ya ndege na wanyama, na mapenzi hayo, kama tutakavyoona, ndiyo yaliyokuja kumfichua miaka mingi baada ya kufa kwake.

Mwaka 1902 alihamishiwa Kenya, katika jeshi la King's African Rifles, lile ambalo wazee wetu waliliita Keya. Alikuwa kijana wa miaka 24, mrefu, mwenye shabaha, asiye na huruma. Hilo la huruma sikulizua. Katika shajara aliyoichapisha mwaka 1957 ameandika mwenyewe kwamba mwaka huo wa 1902, baada ya mlowezi mmoja mzungu kuuawa na Wakikuyu, alikiendea kijiji kilichohusika na kuamuru kiuawe kila chenye uhai isipokuwa watoto. Ameliandika jambo hilo bila ya kujuta, kama mtu anayeeleza namna alivyofyeka kichaka. Katika miaka hiyo hiyo alipeleka London mabaki ya nguruwe mkubwa wa msituni ambaye wataalamu wa Ulaya hawakuwa wakimjua, na mwaka 1904 mnyama huyo akapewa jina la kitaalamu lenye jina lake ndani. Watu wa misitu ile walikuwa wakimjua mnyama huyo tangu zamani, lakini elimu ya wakati huo haikuwauliza.

Kuuawa kwa Koitalel

Jambo ambalo kwalo Meinertzhagen anakumbukwa Kenya mpaka leo ni la tarehe 19 Oktoba 1905. Wanandi walikuwa wamepigana na Waingereza kwa muda wa miaka kumi hivi. Reli ya kutoka Mombasa, iliyofika Kisumu mwaka 1901, ilipita kandokando ya nchi yao, nao walikuwa wakichukua nyaya za simu na vyuma vya reli na kuvigeuza mapambo na silaha. Kiongozi wao alikuwa Koitalel arap Samoei, aliyekuwa na cheo cha Orkoiyot, yaani mkuu wao katika mambo ya dini na ya vita. Meinertzhagen alimwita Koitalel waonane kwa mazungumzo ya amani, katika vilima vilivyo karibu na mji unaoitwa sasa Nandi Hills. Koitalel alikuja. Hakurudi kwake akiwa hai, na pamoja naye waliuawa wafuasi wake zaidi ya ishirini.

Meinertzhagen alisema kwamba Wanandi ndio waliokusudia hiana, na kwamba yeye aliwahi tu kabla hawajamwahi. Wanandi walisema, na hawajaacha kusema, kwamba Koitalel alipigwa risasi wakati wa kupeana mkono. Hata miongoni mwa Waingereza wenyewe walikuwapo walioona kwamba jambo lile lilikuwa la aibu. Baraza la uchunguzi likakaa, likakaa la pili, likakaa na la tatu. Yote yalimtoa bila ya hatia. Hata hivyo mwaka 1906 aliondolewa Kenya. Msomaji apime mwenyewe: mtu asiye na kosa lolote hahitaji kusafishwa mara tatu, kisha akahamishwa.

Fimbo za utawala za Koitalel alizichukua, na zikakaa Uingereza katika ukoo wake kwa muda wa miaka mia moja. Zilirejeshwa Kenya mwaka 2006.

Tanga

Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza mwaka 1914, Meinertzhagen alikuwa amerudi jeshini Bara Hindi, na alikuwa amepitia chuo cha maofisa cha Quetta. Uingereza ilikusanya askari wapatao 8,000, wengi wao Wahindi, chini ya Jenerali Aitken, ili kuiteka Tanga na kuikamata reli ya kwenda Moshi. Kwa kuwa Meinertzhagen aliwahi kuishi Afrika Mashariki, alifanywa ofisa wa ujasusi wa msafara huo.

Habari za vita vyenyewe wengi mnazijua. Tarehe 2 Novemba manowari ya Fox iliingia bandarini, na nahodha wake akawaambia Wajerumani kwamba makubaliano ya kutoshambulia yamevunjwa, na akawataka wasalimu amri. Kwa hiyo adui akapata muda wa kujiandaa. Luteni Kanali von Lettow-Vorbeck akawaleta askari wake kwa treni kutoka Moshi, jumla yao wote wapata elfu moja, wengi wao askari Waafrika. Siku ya tarehe 4 Waingereza waliingia katika mashamba na vichaka, wakachanganyikiwa. Nyuki nao, mizinga yao ilipopigwa risasi, wakawatokea watu wa pande zote mbili. Tarehe 5 walirudi merikebuni. Walipoteza watu zaidi ya 800 kati ya waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea, na waliacha nyuma mamia ya bunduki, bombomu kadhaa, na risasi zaidi ya nusu milioni, ambazo von Lettow alizitumia kwa muda mrefu.

Ofisa wa ujasusi hawezi kujitoa kabisa katika maafa kama hayo, kwa kuwa msafara ule ulikwenda Tanga bila ya kujua idadi ya adui wala alipo. Lakini ukiisoma shajara ya Meinertzhagen utakuta kwamba kila mtu alikosea isipokuwa yeye. Jenerali alikuwa mzito, askari wa Kihindi walikuwa waoga, nahodha alikuwa mjinga, naye Meinertzhagen aliona mapema na kuonya. Hayo ndiyo niliyokuwa nikiwasomea wanafunzi wangu. Niliwasomea pia namna alivyotumwa kwa Wajerumani na bendera nyeupe kwa ajili ya majeruhi, akakaribishwa chakula cha asubuhi na kuzungumza nao juu ya vita kana kwamba ni mchezo wa mpira uliokwisha. Ni kisa kitamu. Sikujiuliza hata siku moja kiliandikwa lini.

Mkuu wa ujasusi Nairobi

Kuanzia mwanzo wa mwaka 1915 mpaka karibu na mwisho wa 1916 Meinertzhagen alikuwa mkuu wa ujasusi wa majeshi ya Uingereza, makao yake Nairobi. Alihitaji kujua von Lettow ana kampuni ngapi, ziko wapi, zina chakula kiasi gani, na wakuu wake ni nani. Ndege za kuruka zilikuwa chache. Habari zililetwa na watu wanaokwenda kwa miguu, wakapenya mpaka, wakakaa masokoni na makambini, wakarudi na walichokiona. Watu hao walikuwa Waafrika na Waarabu, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili, ambacho ndicho kilichokuwa lugha ya askari wa pande zote mbili. Tukumbuke pia kwamba Dola ya Uthmaniya ilikuwa imeingia vitani upande wa Ujerumani na kutangaza jihadi mwezi wa Novemba 1914, na Wajerumani walijaribu kuitumia habari hiyo miongoni mwa Waislamu wa Afrika Mashariki. Muislamu aliyewafanyia kazi Waingereza, au aliyekataa, alikuwa na la kumhangaisha moyoni zaidi ya mshahara.

Wasomaji wanisamehe kwa jambo lifuatalo, lakini ni sehemu ya habari. Njia ambayo Meinertzhagen alijivunia kuliko zote ilikuwa ya vyooni. Maofisa wa Kijerumani walitumia karatasi za ofisini kujisafishia, barua, hesabu, maelezo ya maagizo na hata vipande vya maandishi ya siri, nao watumishi wa Kiafrika walilipwa kuziokota na kuzipeleka Nairobi. Waingereza waliipa njia hiyo jina lake la kiofisi, la karatasi chafu, na kwa karatasi hizo walilinganisha miandiko na sahihi za wakuu wa adui. Sina sababu ya kulikataa jambo hili. Wapelelezi wa mataifa mengi wamefanya hivyo kabla na baada yake.

Ninalotaka msomaji alione ni hili. Mtumishi aliyeingia chooni na kutoka na karatasi kibindoni, akijua kwamba akikamatwa atanyongwa, hakuandikwa jina katika vitabu vinavyosomwa. Aliyekaa Nairobi akizipokea karatasi alipewa nishani ya DSO mwaka 1916. Hesabu ya wapagazi ni nzito zaidi. Wale waliochukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, ambao kambi zao ziliacha majina ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, walikufa kwa makadirio karibu laki moja kwa upande wa Waingereza peke yake, wengi wao kwa maradhi na njaa. Katika shajara za mkuu wa ujasusi wapagazi ni kama mvua au matope: wapo, na wanachelewesha safari.

Mkoba wa Gaza

Mwaka 1917 Meinertzhagen alipelekwa Misri, na huko akaingia katika idara ya ujasusi ya Jenerali Allenby, aliyekuwa akipigana na Waturuki huko Palestina. Waingereza walikuwa wameshindwa mara mbili mbele ya Gaza. Allenby aliazimia kupiga Beersheba, upande wa jangwani, na akataka Waturuki na washauri wao wa Kijerumani waamini kwamba atapiga Gaza kwa mara ya tatu.

Kisa kinasimuliwa hivi. Mnamo Oktoba 1917 ofisa wa Kiingereza alitoka juu ya farasi hadi karibu na doria ya Waturuki. Walipomfyatulia risasi alijifanya amejeruhiwa, akayumba, akaangusha mkoba uliopakwa damu, akakimbia. Ndani ya mkoba mlikuwamo fedha, barua ya kubuni ya mke anayeeleza habari za mtoto aliyezaliwa, na karatasi za kijeshi zilizoonyesha kwamba shambulio kubwa litakuwa Gaza. Kisha Waingereza wakatuma watu kuutafuta mkoba huo kwa fujo, ili adui azidi kuuamini. Tarehe 31 Oktoba wapanda farasi wa Australia waliiteka Beersheba. Gaza ikaanguka tarehe 7 Novemba, na kabla ya mwaka kwisha Allenby aliingia Baitul Muqaddas. Meinertzhagen alisema pia kwamba aliwaangushia askari wa Kituruki sigara zilizotiwa afyuni ili walewe kabla ya shambulio.

Mkoba ulikuwapo. Hilo halina shaka. Kama ndio uliowahadaa Waturuki au la, wanahistoria hawajakubaliana. Lakini nani aliyeuangusha? Kwa miaka mingi jibu lilikuwa Meinertzhagen, kwa kuwa shajara yake inasema hivyo. Vitabu vilimsifu, na hata filamu ya Kiaustralia ya mwaka 1987 ilimwonyesha akifanya hivyo. Uchunguzi uliofuata umeonyesha mengine. Aliyebuni hila hiyo alikuwa ofisa aitwaye Belgrave, na aliyepanda farasi na kuuangusha mkoba alikuwa Kapteni Arthur Neate. Belgrave aliuawa vitani mwaka 1918, hakuweza kudai chake. Neate alikuwa mtu wa ujasusi aliyefunzwa kunyamaza, akanyamaza kwa muda mrefu. Hivyo kazi ya watu wawili ikaingia katika kitabu cha mtu wa tatu.

Baada ya vita alikuwa katika mkutano wa amani wa Paris, kisha mwaka 1919 akafanywa Ofisa Mkuu wa Siasa wa Allenby kwa Palestina na Sham. Alikuwa mtetezi mkali wa Uzayuni, naye aliwadharau Waarabu waziwazi. Baada ya ghasia za Baitul Muqaddas za Aprili 1920 aliwashitaki maofisa wenzake kwa serikali ya London kwamba ndio waliozichochea, tena bila ya kupitia kwa mkubwa wake, na Allenby akamwondoa. Baadaye alifanya kazi chini ya Churchill katika Wizara ya Makoloni. Shajara yake ya Mashariki ya Kati, aliyoichapa mwaka 1959, imetumiwa sana na waandishi wa pande zote za suala la Palestina, kila mmoja akichota kinachomfaa. Humo amedai pia kwamba alionana na Hitler, na kwamba Hitler alipoinua mkono na kulitaja jina lake mwenyewe, yeye naye aliinua mkono na kulitaja lake. Hakuna shahidi mwingine wa jambo hilo.

Walivyomfichua ndege

Alifariki London tarehe 17 Juni 1967, mwenye umri wa miaka 89, akiwa anaheshimika. Alikuwa amelipa jumba la makumbusho ya viumbe la Uingereza ngozi za ndege zipatazo 20,000, ambazo sasa zimehifadhiwa Tring, si mbali na London. Wasomaji wetu walioko Oman na nchi za Ghuba huenda wamewahi kukiona kitabu chake kikubwa cha ndege wa Bara Arabu cha mwaka 1954. Hicho nacho kina maneno yake, kwa kuwa kimejengwa kwa kiasi kikubwa juu ya mswada wa mtaalamu mwingine, George Bates, aliyekwisha kufa.

Wataalamu wachache walinong'ona tangu zamani kwamba ngozi zile zina kasoro. Aliwahi hata kuzuiwa kuingia katika chumba cha ndege cha makumbusho kwa muda wa miezi 18. Lakini alikuwa kanali, mwenye jina na mali, na minong'ono ilibaki minong'ono. Katika miaka ya 1990 wataalamu Alan Knox, Pamela Rasmussen na Robert Prys-Jones walizichunguza ngozi hizo moja moja. Kila mtu anayekausha ndege ana mkono wake, kama vile fundi cherehani alivyo na mshono wake: namna ya kupasua, pamba anayotia, uzi, jinsi anavyoifunga miguu. Walizipiga picha za eksirei, wakazilinganisha na za watu wengine. Wakakuta kwamba ndege wengi waliosemwa kuwa wameuawa na Meinertzhagen mahali fulani na siku fulani walikuwa wameuawa na watu wengine, miaka mingi kabla, mahali pengine kabisa. Alikuwa ameziiba ngozi makumbushoni, akazifanyia ukarabati, akazitia vibandiko vya uongo, kisha akazitoa kuwa hidaya kwa jumba lile lile alilolibia.

Kisa cha bundi mdogo wa msitu wa India kinatosha kuwa mfano. Ndege huyu alikuwa hajaonekana tangu miaka ya 1880, isipokuwa mmoja ambaye Meinertzhagen alisema amemuua Gujarat mwaka 1914. Waliomtafuta bundi huyo walikwenda huko, wasione kitu. Rasmussen alipogundua kwamba ngozi ile ni ya mtu mwingine, James Davidson, aliyeipata katika miaka ile ile ya 1880, aliufuta ushahidi wa Gujarat, akaenda mahali walikotoka ndege wa zamani wa kweli. Mwezi wa Novemba 1997 yeye na wenzake walimwona bundi, yu hai, amekaa juu ya mti.

Nilipoisoma habari hii nilikaa kimya muda mrefu. Nilihesabu miaka niliyowapeleka wanafunzi Gujarat.

Baada ya ndege zikafuata shajara. Ziko Oxford, majuzuu zaidi ya sabini, zimepigwa chapa kwa mashine. J. N. Lockman aliandika mwaka 1995 kwamba yale yaliyomo juu ya T. E. Lawrence yalitungwa baadaye na kupewa tarehe za zamani. Mwaka 2007 Brian Garfield alitoa kitabu kizima akionyesha kurasa zilizobadilishwa na safari ambazo hazikuwezekana. Garfield alikwenda mbali zaidi. Mke wa pili wa Meinertzhagen, Anne, naye mtaalamu wa ndege, alikufa kwa risasi mwaka 1928 nyumbani kwao Uskochi walipokuwa wawili peke yao, na serikali iliandika kuwa ni ajali. Garfield hakuiamini ajali hiyo. Mimi hilo namwachia Mwenyezi Mungu ajuaye yaliyofichika. Garfield ana ukali wake, na wapo wanaoona amezidisha. Isitoshe, si kila neno la shajara ni uongo: Tanga alikuwapo, Nairobi alikuwapo, na Koitalel alimuua.

Linaloniuma ni mpango wa mambo ulivyokwenda. Wanandi walisema tangu mwaka 1905 kwamba mtu huyu si wa kuaminiwa. Walisema kwa miaka tisini, na maneno yao yakaitwa hadithi za wazee, huku maneno yake, kwa kuwa yana tarehe na yamepigwa chapa, yakaitwa chanzo cha historia. Haikutosha kwamba mtu ameuawa katika mkutano wa amani. Ilibidi ndege waliokufa washonwe vibaya ndipo wasomi wakaanza kumtilia shaka. Nami, mwenye shahada ya Historia, nilikuwa katika kundi la waliosubiri ndege.

Nilimweleza kijana yote haya, kwa urefu kuliko alivyotaka. Sikumwambia amfute Meinertzhagen. Nilimwambia aandike pembeni ya kila neno la bwana yule kwamba ni yeye asemaye, kisha amtafute na shahidi mwingine. Akampigia simu bibi yake Tanga. Bibi amezaliwa muda mrefu baada ya vita, lakini mama yake alikuwa msichana mdogo siku ile, na alimsimulia jinsi walivyotolewa mjini usiku wakiwa na sufuria na kuku, wakalala mashambani siku nne, na waliporudi wakakuta mlango wa nyumba umechukuliwa kubebea majeruhi. Mlango haukurudi, na baba yake akatundika jamvi. Hakuna jenerali katika masimulizi hayo. Kijana ameyaandika yote na ameyaweka ukurasa wa kwanza.

Sasa nina ombi. Najua kuwa katika familia zinazosoma jarida hili wamo wajukuu na vitukuu vya askari wa Keya, askari wa Mjarumani, wapagazi, makarani na watu waliotumwa kupita usiku kutoka upande mmoja wa mpaka kwenda wa pili. Wengine wana cheti, nishani, au barua iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu iliyokunjwa ndani ya msahafu wa babu. Wengine wana jina tu na mahali alikofia. Mniletee nakala, au mniambie niandike, tukikutana baada ya sala ya Ijumaa au katika darasa la watoto la Jumamosi. Tafadhali andikeni na jina la aliyekusimulieni, na mwaka aliokusimulieni. Ninazo mpaka sasa habari za watu watatu, na mmoja wao alikuwa mpishi.